Dawa ya Mtoto Mmoja Bwenini

Kila mwaka, katika wiki za mwanzo za Januari, madirisha ya hospitali za wilaya mkoani Shinyanga na Geita hupokea wateja wa aina ya pekee. Si wagonjwa. Ni wazazi wenye bahasha za kaki mikononi, na kando yao vijana waliovaa viatu vyeusi vipya ambavyo bado vinawabana. Ndani ya bahasha mna maelekezo ya kujiunga na shule ya bweni: orodha ya sare, godoro, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi; na nyuma kabisa, fomu ya uchunguzi wa afya inayotakiwa kujazwa na mganga wa hospitali ya serikali na kugongwa muhuri. Mwezi Julai, wanafunzi wa kidato cha tano wanapokwenda kuripoti, foleni hiyo hurudi.

Fomu yenyewe ni ya zamani, na shule zimeinakili moja kutoka kwa nyingine kwa miaka mingi. Huuliza hali ya damu, choo, kaswende, kifua kikuu, macho, masikio, kifua, bandama na tumbo. Kwa wasichana mara nyingi huongezwa kipimo cha mimba. Chini yake hubaki mstari mmoja, pengine miwili, wa maelezo ya ziada: kama kuna ulemavu, maradhi sugu au maradhi ya kifamilia. Mwishoni daktari huchagua neno moja kati ya mawili: mwanafunzi anafaa, au hafai, kuendelea na masomo.

Hayo ni maswali ya mlangoni. Fomu huuliza kama mtoto aingie au asiingie. Haiulizi atameza dawa gani saa mbili usiku akiwa ndani, nani atamkumbusha, wala itawekwa wapi. Hata kipengele cha mimba kimebaki kama kilivyokuwa, ingawa tangu Novemba 2021 waraka wa Wizara ya Elimu unawaruhusu waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurejea darasani. Mganga anayejua kwamba foleni ni ndefu na kwamba neno "hafai" linaweza kumfungia mtoto mlango huandika "anafaa", hugonga muhuri, na humwita anayefuata. Mzazi naye, akihofia nafasi kupotea, hunyamaza. Hivyo ndivyo mtoto mwenye maradhi ya kudumu anavyoingia bwenini akiwa mzima kwa mujibu wa karatasi.

Isidhaniwe kwamba shule hazijui kugawa dawa. Kinyume chake, shule za Kanda ya Ziwa zina uzoefu mkubwa wa kazi hiyo. Kichocho cha tumbo kimeenea katika vijiji vinavyopakana na Ziwa Victoria, na kichocho cha mkojo katika maeneo ya ndani yenye mbuga za mpunga na malambo. Kwa sababu hiyo walimu hufundishwa kuwapanga watoto, kuwapima kwa fito iliyochorwa alama, na kutoa vidonge vya praziquantel kwa kufuata urefu wa mtoto badala ya mizani. Tangu Aprili 2018 chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi nayo imepita katika shule hizo hizo, mwanzoni kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 kwa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Hata kazi hiyo ya pamoja ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 2008, katika Mkoa wa Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho shuleni ulivunjika kwa ghasia. Baadhi ya watoto walimeza vidonge wakiwa na njaa, wakashikwa na kizunguzungu na kutapika. Uvumi ukatangulia mbele ya maelezo, na wazazi wakakimbilia shuleni kuwaokoa watoto wao na kuwakabili walimu kwa hasira. Dawa haikuwa sumu. Tatizo lilikuwa tumbo tupu na mzazi asiyeambiwa. Ndiyo maana leo mwalimu makini huhakikisha kwanza kwamba watoto wamekula, na kwamba taarifa imefika nyumbani kabla ya kopo la vidonge kufunguliwa.

Basi shule inaijua dawa ya wote ya siku moja. Isichoijua vizuri ni dawa ya mtoto mmoja ya kila siku.

Uanze ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, kwa kuwa ukanda huu una mzigo wake mkubwa. Uchunguzi wa sampuli za damu za watoto wachanga uliofanywa katika maabara ya Bugando, Mwanza, kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa ulionyesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya watano amerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na kwamba zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Wengi wa hao zamani hawakufika umri wa sekondari. Sasa wanafika, kwa sababu ya foliki asidi, kinga dhidi ya malaria na maambukizi mengine, na kwa wanaoipata, haidroksiyurea inayomezwa kila siku na kufuatiliwa kwa kipimo cha damu kila baada ya miezi michache. Ni ushindi wa tiba, lakini unampeleka mtoto mahali ambapo kila kitu kinachochochea maumivu yake kimo katika ratiba: mchakamchaka wa alfajiri, kuoga maji baridi, kukaa muda mrefu bila kunywa maji, kulima juani, usingizi mfupi.

Kuna mambo mawili ambayo fomu haiwezi kuyaona. La kwanza ni bandama. Imewekwa pale kwa sababu malaria huivimbisha. Lakini kwa kijana mwenye selimundu, bandama mara nyingi imekwisha kusinyaa, na mkono wa daktari haugusi kitu. Neno "kawaida" linaloandikwa hapo halimaanishi usalama: mtoto ambaye bandama yake haifanyi kazi hushambuliwa na bakteria kwa kasi, na homa ya nyuzi 38 kwake ni dharura ya usiku huo huo, si ya kusubiri kesho baada ya gwaride. La pili ni mkojo. Figo za mwenye selimundu hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo hukojoa mara nyingi, na wengine huendelea kukojoa kitandani hadi ujanani. Katika bweni ambalo mlango hufungwa saa nne usiku, mtoto huyo hupewa jina la kikojozi; naye, ili kuepuka aibu, huacha kunywa maji tangu mchana. Upungufu huo wa maji ndio unaoamsha maumivu ya mifupa. Matroni anayeadhibu godoro lililolowa anaweza kuwa analeta, bila kujua, kitanda cha wodini.

Wavulana wana siri nyingine iliyo nzito zaidi kuisema: uume kusimama kwa maumivu, kwa saa nyingi, bila hamu yoyote. Ukipita saa nne hali hiyo huweza kuharibu kiungo kabisa. Mvulana wa miaka 15 hatakwenda kumweleza jambo hilo mwalimu wa zamu asiyemjua. Atamweleza mtu aliyetajwa kwake kwa jina siku ya kwanza, au hatamweleza mtu.

Kifafa kina madai machache, lakini yasiyokubali mjadala. Fenobabito au dawa nyingine ya kifafa haikatizwi ghafla, hata kwa sababu kopo limefungiwa ofisini. Kuikatiza kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Mwanafunzi huyo apewe kitanda cha chini, asipande dabodeka, wala asitumwe peke yake kuteka maji lamboni. Akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, na mdomoni asitiwe kijiko wala kitu kingine. Povu lake halimwambukizi mtu.

Mwenye pumu naye ana jambo moja tu: pampu yake ya kuvuta ikae mfukoni mwake. Ikiwekwa kabatini kwa mwalimu, ni sawa na kutokuwapo. Mwenye kisukari anayejidunga insulini anahitaji mahali pa kuihifadhi mbali na joto. Pasipo na jokofu, chungu cha udongo kinacholowanishwa na kuwekwa kivulini husaidia kuipoza. Anahitaji pia ruhusa ya kula kitu kidogo darasani anapoona jasho na kutetemeka, na asichukuliwe kuwa mtovu wa nidhamu kwa kutafuna wakati wa kipindi.

Katika haya yote, mgumu zaidi kulindwa ni kijana anayeishi na VVU, kwa sababu dawa yake yenyewe inatangaza habari. Kidonge kimoja kwa siku kinamtosha, na kimemwezesha kukua na kufaulu. Lakini kopo lake hucheza kama njuga linapotikiswa ndani ya tranka, na ukaguzi wa mabweni humwaga kila tranka sakafuni mbele ya wenzake. Wapo wanaojaza pamba ndani ya kopo. Wapo wanaohamishia vidonge kwenye karatasi na kusema ni vitamini. Wapo wanaoacha muhula mzima na kurudi kliniki mwezi Juni, virusi vikiwa vimepanda.

Ni haki kuusema upande wa shule pia. Sheria ya kuzuia vidonge bwenini haikutungwa kwa ukatili. Matroni aliyekwisha kumkimbiza hospitali mwanafunzi aliyemeza dawa za kutoa mimba, au aliyekuta dawa za maumivu zikiuzwa kitanda kwa kitanda, ana sababu za kutosha za kupekua. Antibayotiki iliyogawanywa kwa marafiki watatu haimtibu hata mmoja wao. Kosa liko katika kuitumia sheria hiyo hiyo kwa mtoto aliyeandikiwa dawa ya kudumu, halafu kumkabidhi mwalimu mmoja ufunguo wa kabati. Mwalimu huyo Jumamosi huenda Kahama kwa shughuli zake, na ufunguo huenda naye.

Sheria ya nchi kuhusu jambo hili iko wazi zaidi kuliko desturi za shule. Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 hairuhusu mtu kulazimishwa kupima VVU, na hairuhusu taasisi kumkataa au kumfukuza mtu kwa sababu ya hali yake. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kijana kuridhia kipimo mwenyewe kutoka miaka 18 hadi 15. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Maana yake dirishani ni hii: mganga hana ruhusa ya kuandika majibu ya VVU kwenye fomu inayopitia mikono ya karani, mwalimu wa taaluma na kiranja wa afya. Anachoweza kuandika, kwa ridhaa ya kijana na mzazi, ni kwamba mwanafunzi anatumia dawa ya kila siku usiku, kwamba dawa hiyo isichukuliwe kwake, na kwamba ataomba ruhusa ya kwenda kliniki kwa tarehe zilizotajwa. Jina la ugonjwa si sharti la kulinda ratiba ya dawa. Na ikiwa barua kama hiyo itaandikwa kwa wenye pumu, kifafa, selimundu na VVU kwa muundo mmoja, hakuna atakayeisoma na kubashiri.

Ukanda wa dhahabu unaongeza ugumu wake. Mzazi aliyesaini fomu Januari akiwa Nyarugusu anaweza kuwa Aprili amefuata rashi kijiji kingine, namba yake ya simu haipatikani, na mlezi aliyeandikwa ni mjomba ambaye mtoto hajamwona tangu msiba wa babu. Kadi ya kliniki imebaki kwenye begi la mama. Kwa familia za namna hii, kumpa mtoto dawa za mwezi mmoja na kumwambia arudi na mzazi ni kumwambia aache. Kliniki za tiba na matunzo tayari hutoa dawa za miezi kadhaa kwa mteja aliyetengamaa. Mantiki hiyo hiyo ingefaa kwa kliniki za kifafa na selimundu, hasa kwa kuwa mwaka wa masomo una mihula miwili na likizo ya Juni ipo katikati.

Maduara yenyewe nayo yana maradhi yake. Vumbi la mwamba huchakaza mapafu ya mchimbaji na kumweka karibu na kifua kikuu. Mtoto anayelala chumba kimoja na baba anayekohoa huingia bwenini akiwa ameambukizwa bila dalili, au akiwa katikati ya dozi ya kinga. Fomu inauliza kifua kikuu, na hilo ni jema. Lakini shule nyingine husikia jina hilo na kumrudisha mtoto nyumbani kwa miezi sita yote ya tiba. Hakuna sababu. Mgonjwa anayetumia dawa sahihi kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, na mganga ndiye wa kuthibitisha hivyo kwa maandishi. Anayetumia dozi ya kinga haambukizi kabisa.

Na ipo zebaki. Watoto wanaoshinda kwenye mialo na makalasha wakati wa likizo, au ambao kwao dhahabu huchomwa jikoni, huvuta mvuke wake. Hakuna safu yake kwenye fomu. Mwanafunzi anayetetemeka vidole, anayesahau, anayebadilika tabia, huandikwa mvivu. Mganga wa Geita anaweza kuuliza swali moja la ziada pale dirishani, nyumbani dhahabu inachomewa wapi, na jibu lake likafaa kuliko kipimo cha choo.

Mjini Shinyanga upo mfano kwamba shule inaweza kugeuza taratibu zake kwa ajili ya watoto wachache. Shule ya Msingi Buhangija, iliyokuwa ikiwahudumia watoto wasioona, iliwapokea watoto wenye ualbino kwa makumi walipohitaji ulinzi katika miaka ya mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa. Chanzo cha kukusanywa kwao pale ni cha kuhuzunisha, na kuishi mbali na wazazi kuliacha majeraha yake. Hata hivyo, mtoto mwenye ualbino hulazimisha shule ifikiri kila siku: losheni ya kukinga jua ipakwe kabla ya gwaride, kofia ya ukingo mpana ivaliwe juu ya sare, mikono ya shati iwe mirefu, michezo isogezwe jioni, dawati lisogee karibu na ubao. Hospitali ya KCMC ya Moshi hutengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Losheni hiyo ni dawa ya kila siku kama kidonge cha kifafa kilivyo, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayeifungia ofisini hadi Jumatatu.

Kwa mhudumu wa afya anayeketi dirishani mwezi Januari, kazi ya ziada haizidi dakika kumi kwa mtoto mmoja. Amtoe mzazi na kijana nje ya foleni, na ampe kijana nafasi ya kusema peke yake. Aulize dawa zote zinazotumika, zikiwamo za kliniki nyingine. Ajaze fomu kwa ukweli, akikumbuka kwamba "anafaa" na "ana ugonjwa wa kudumu" hayapingani. Kisha aandike barua fupi, kwa Kiswahili, kwa mkuu wa shule na mtu mmoja mwenye wajibu wa afya: jina la dawa ikiwa kijana ameridhia, kiasi, saa, nini kisifanyike, dalili gani zinamaanisha kwenda hospitali usiku huo huo, na namba ya simu ya kliniki. Kwa mwenye selimundu dalili hizo ni homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, macho na viganja kupauka ghafla, upande mmoja wa mwili kulegea, maumivu yasiyosikia dawa, na kwa mvulana lile lililokwisha kutajwa. Barua hiyo pia iombe chupa ya maji darasani, ruhusa ya kwenda chooni, maji ya vuguvugu ya kuoga msimu wa baridi, na msamaha wa mchakamchaka. Kwa aliyepangiwa kidato cha tano mbali, tuseme Makete au Njombe kwenye baridi kali, barua ya daktari ndiyo hoja ya kwanza ya mzazi anayeomba uhamisho, na ni heri iandikwe kabla ya safari kuliko baada ya kulazwa.

Mzazi naye ana sehemu yake. Dawa zikae kwenye kopo lake la asili lenye lebo, si kwenye mfuko wa sukari. Akiba ya wiki moja abaki nayo mtoto, nyingine ikabidhiwe kwa maandishi kwa mtu mmoja, na msaidizi wake atajwe, ili kuwe na funguo mbili. Namba mbili za simu za watu wasiohama pamoja ziandikwe. Mmoja wao asiwe mchimbaji. Nakala ya kadi ya kliniki aende nayo mwanafunzi, ya asili ibaki nyumbani.

Tarehe ya kurudi kliniki ipangwe ndani ya likizo ya Juni au ya Desemba pale inapowezekana. Pale isipowezekana, kama kwa kipimo cha damu cha haidroksiyurea, iandikwe kwenye barua ile ile, ili matroni aifahamu mwezi mzima kabla mwanafunzi hajasimama mlangoni kwake kuomba ruhusa, na nauli iwe imekwisha kuachwa.